Ongea kidogo ukae: jinsi ya kukata hotuba yako kabla watu hawajaanza kuchungulia simu

Kuna maneno ukiyasikia tu kwenye maiki jua mtu ndo kwanza anapasha injini: "sina mengi ya kusema". Ndugu yake ni "nisingependa kuwachosha", halafu kuna "kwa kumalizia", hili ndo hatari kuliko yote maana watu wanakaa sawa, wanakusanya mikoba yao, na mzungumzaji anaongeza dakika ishirini nyingine.

Hii tabia haina cheo wala nchi. Tarehe 26 Septemba 1960 Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, akaanza kwa kuwatoa wajumbe hofu kwamba japo yeye na wenzake wanasifika kwa kuongea sana watajitahidi wawe wafupi, na alipokaa chini ilikuwa imepita saa 4 na dakika 29. Watu bado wanaitaja hotuba hiyo mpaka leo na kinachotajwa kwanza ni urefu wake, waulize sasa alichosema humo ndani uone wangapi watakujibu.

Kwa hiyo tuelewane kabisa, kuahidi kwamba utakuwa mfupi sio kuwa mfupi. Ufupi hautokei pale mbele ukiwa umeshika maiki, ukifika pale umeshachelewa, kwa sababu ukiwa na presha mdomo unatafuta njia rahisi na njia rahisi siku zote ni ndefu. Ufupi unatengenezwa kabla, nyumbani, na kalamu na simu yenye kipima muda. Nakuelekeza jinsi ya kuutengeneza, iwe ni ripoti ya kikao, neno la kumuaga mfanyakazi mwenzako, uwasilishaji wa kazi chuoni au hotuba kamili ya mgeni rasmi.

Jua kwanza unataka watoke na nini

Kabla hujaandika hata "ndugu wajumbe", jiulize hivi: mtu akitoka pale nje akakutana na mwenzake aliyechelewa akaulizwa "huyu alikuwa anasemaje?", atajibu nini? Andika hilo jibu. Sentensi moja, ya mtu wa kawaida anayeongea na mwenzake, sio ya ripoti. Mfano "anataka tuanze kufunga ofisi saa kumi siku ya Ijumaa" au "anasema mama yule alifundisha watoto wa watu miaka thelathini na hakuwahi kumfukuza hata mmoja".

Ukiona sentensi yako ina "na pia" katikati, una hotuba mbili, chagua moja. Najua inauma, hasa ukiwa umesubiri nafasi ya kuongea miezi, unaona usipoyasema yote leo hutayasema tena. Ila msikilizaji hana daftari la kukuandikia. Kwenye maandishi mtu akipotea anarudi juu kusoma tena, kwenye hotuba akipotea amepotea, anakaa tu anatikisa kichwa kwa heshima.

Halafu ile sentensi ibandike juu ya karatasi, kila aya utakayoandika iulize, wewe unaisaidia hii? Isipojibu, itoke. Hiyo ndo kazi yote kwa kweli, mengine ni ufundi wa kuifanya vizuri.

Watu wanapenda kutoa mfano wa rais wa Marekani Abraham Lincoln pale Gettysburg, kwenye uzinduzi wa makaburi ya askari waliokufa vitani, tarehe 19 Novemba 1863, na ni mfano mzuri ila huwa wanausimulia nusu. Mzungumzaji mkuu siku ile hakuwa Lincoln, alikuwa Edward Everett, mtu mwenye jina kubwa kwa kuhutubia enzi zile, akaongea kama saa mbili, maneno zaidi ya 13,000. Lincoln alialikwa aseme maneno machache tu ya kufaa, akasimama, akasema maneno kama 270, dakika mbili hivi, akakaa. Kesho yake Everett mwenyewe akamwandikia barua kumwambia angefurahi kama angejua kwamba kwa saa mbili alikaribia kiini cha shughuli ile kama Lincoln alivyokikaribia kwa dakika mbili. Mimi namheshimu sana Everett kwa barua hiyo kuliko hata kwa hotuba yake.

Ile nusu isiyosimuliwa ni hii: kuna stori kwamba Lincoln aliandika haraka haraka nyuma ya bahasha akiwa kwenye treni, wanahistoria wameikataa. Ni hotuba iliyoandaliwa, na zipo nakala tano zinazojulikana za mwandiko wake mwenyewe zenye tofauti ndogo ndogo za maneno. Yaani mtu anashughulikia maneno 270 kwa umakini huo halafu sisi tunataka kusimama na "nitaongea tu kinachonijia" tukitegemea itakuwa fupi!

Pima kwa saa, usikadirie

Hapa wengi ndo tunapodanganyana. Mtu anakwambia "hii ni kama dakika tano" na hajawahi kuisoma kwa sauti hata siku moja. Kusoma kimya kimya ni haraka sana kuliko kusema, kwa hiyo karatasi iliyokuchukua dakika mbili kuisoma kitandani inaweza kula tano mbele ya watu.

Utakuta kwenye mitandao wanasema mtu husema maneno 130 mpaka 150 kwa dakika. Hiyo hesabu ni ya Kiingereza, usiichukue hivyo hivyo, maneno yetu ni marefu, "hatutawasahau" ni neno moja na linabeba sentensi nzima, kwa hiyo kwa dakika moja utapitisha maneno machache zaidi. Tafuta namba yako mwenyewe: chukua ukurasa wowote, simama (sio kukaa), soma kwa sauti ya kufika ukuta wa mwisho, dakika moja ikiisha simama uhesabu maneno. Tuseme umepata 90. Ukipewa dakika tano basi una maneno 450, ila usiandike 450, andika 350 hivi, maana kuna kutembea kutoka kwenye kiti, kuna maiki inayogoma, kuna makofi, kuna yule unayemkaribisha acheke. Mimi huwa nasema andaa robo tatu ya muda uliopewa, ukibakiza dakika hakuna atakayekulalamikia, sijawahi kusikia mtu analalamika mzungumzaji amemaliza mapema.

Na kama hujapewa muda, ujipe. Uliza mshereheshaji, akikwambia "wewe tu, jisikie huru", huo ni mtego, jipangie dakika tano. Jukwaa la TED, la mihadhara mifupi, walijiwekea kikomo cha dakika 18 na hapo wanaongelea mada nzito za sayansi. PechaKucha, mtindo wa kuwasilisha kwa slaidi ulioanzia Tokyo mwaka 2003, ni slaidi 20, kila moja sekunde 20, ikigeuka imegeuka, jumla dakika 6 na sekunde 40. Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia mwaka 2008 walianzisha shindano la wanafunzi wa udaktari wa falsafa kueleza utafiti wao wote kwa dakika tatu na slaidi moja isiyocheza. Utafiti wa miaka mitatu minne kwa dakika tatu, na wanaweza. Wewe ripoti ya kamati ya usafi unaombea nusu saa.

Kisu kianzie kwenye mlango

Ukitaka kukata na hujui uanzie wapi, anza na mwanzo, ndo penye mafuta mengi. Tuseme mwalimu anayesimamia maktaba anataka kikao kikubali paa likarabatiwe. Anasimama hivi:

"Mheshimiwa mwenyekiti, makamu mwenyekiti, katibu, wajumbe wote mliohudhuria, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mungu kwa kutujalia uhai na afya njema siku hii ya leo. Pili napenda kuchukua fursa hii adhimu kuushukuru uongozi kwa kunipa nafasi hii ya kusimama mbele yenu. Mimi si mzungumzaji sana na kama walivyosema wenzangu walionitangulia muda si rafiki, kwa hiyo nitajitahidi kuwa mfupi. Kama mnavyofahamu, suala la paa la maktaba yetu ni suala ambalo limekuwa likizungumzwa kwa muda mrefu..."

Hesabu mwenyewe, hapo yamekwenda maneno 77 na neno "paa" ni la 66. Na bado hatujui paa lina nini. Karibu dakika nzima imeisha na hiyo dakika ya kwanza ndo watu walikuwa wanakuangalia kweli, kabla hawajaamua kama waendelee kukusikiliza au wajibu meseji. Sasa sikiliza hii:

"Mwenyekiti, ndugu wajumbe, asanteni. Paa la maktaba linavuja sehemu tatu. Mvua ya juzi imeharibu rafu nzima ya vitabu vya darasa la kwanza, hivi hapa viwili mnaweza kuvishika. Fundi amesema akianza kabla ya mvua nyingine anabadilisha mabati kumi na mbili tu, tukichelewa anabadilisha na mbao. Naomba leo tukubaliane aanze Jumatatu."

Maneno 49 na ameshamaliza! Heshima ipo, mwenyekiti ametajwa, shukrani ipo. Angalia kilichobaki na kilichoondoka. Zimeondoka salamu za ngazi zote, kujidharau ("mimi si mzungumzaji", sasa kwa nini umesimama?), na kuwaambia watu kile wanachokijua tayari. Kimebaki kitu cha kushika mkononi, namba mbili zenye maana na ombi lenye siku yake. Wengi wakiambiwa wafupishe wanafanya kinyume, wanaondoa ule mfano wenye vitabu vilivyolowa kwa sababu eti ni stori, wanabakiza "changamoto ya miundombinu". Usiondoe mfano. Ondoa maelezo yanayouzunguka mfano, wenyewe unajieleza.

Kuhusu Mungu na viongozi, sisemi uwaruke. Kama unataka kumshukuru Mungu mshukuru, sentensi moja inatosha na anasikia. Wakubwa kama wapo taja yule wa juu kabisa halafu wengine wote uwaweke kwenye kapu moja la heshima, "viongozi wetu wote". Ila mkishakuwa wazungumzaji kumi na kila mmoja anarudia orodha ile ile ya majina, hiyo itifaki yenyewe inaanza kuonekana kero.

Katikati

Hapa siongei sana. Pointi tatu kwa dakika tano ni nyingi, sema moja vizuri. Namba usizidishe mbili au tatu, zingine ziweke kwenye karatasi ugawe mwishoni (mwishoni, sio mwanzoni, ukigawa mwanzoni unaongea na vichwa vilivyoinama). Slaidi ukiwa nazo usizisome, watu wanajua kusoma, na wanasoma haraka kuliko unavyosema.

Jirekodi na simu ukifanya praktisi. Inakera kusikia sauti yako ila vumilia, sikiliza vijaza nafasi tu: "kimsingi", "kwa maana ya kwamba", "nadhani mtakubaliana nami", "kama nilivyotangulia kusema", "suala zima la". Hilo "suala zima la" sijui nani alituletea, "suala zima la usafi" ni usafi tu. Kila mtu ana kijaza chake kimoja anachokipenda na hakijui mpaka ajirekodi. Sio lazima uviue vyote, mtu asiye na hata kimoja anasikika kama tangazo la uwanja wa ndege, ila ukikuta umesema "kimsingi" mara tisa basi punguza.

Jambo moja muhimu, usifupishe kwa kukimbia. Kuna mtu anaambiwa ana dakika tatu anachukua hotuba ya dakika nane anaisukuma yote kwa mwendo wa mtangazaji wa mpira, hiyo sio fupi, ni ndefu iliyobanwa, na wasikilizaji wanachoka zaidi. Ukikata maneno vizuri unapata nafasi ya kwenda taratibu. Sema ile sentensi yako kuu, nyamaza sekunde mbili, waache waipokee. Kimya pale mbele unakiona kirefu sana wewe, wao wala.

Mwisho uwe mwisho

Andika sentensi yako ya mwisho neno kwa neno na uikariri, hata kama hotuba yote nyingine unaongea kwa kichwa tu. Sababu ni kwamba wanaozidisha muda wengi hawazidishi kwa kupenda, wanazunguka juu hawaoni pa kutua. Wamemaliza kila kitu lakini hawajui wanaachaje, ndo unasikia "kwa hayo machache", halafu "ila pia nisisahau", halafu "na mwisho kabisa", halafu "nimekumbushwa hapa". Ukiwa na sentensi ya kutulia unaisema, unasema asante, unakaa. Ukikumbuka kitu baada ya hapo kimeshapita, mwambie mtu mmoja mmoja mkitoka.

"Kwa kumalizia" ukiisema una sentensi mbili tatu tu mbele yako, ni ahadi.

Kitu kingine kinachosaidia ni mtu wako mmoja akae mbele akuonyeshe muda. Vilabu vya Toastmasters, ambako watu wanajifunza kuhutubia, wana taa kabisa, kijani, njano, nyekundu, hotuba ya dakika tano mpaka saba kijani inawaka ya tano, njano ya sita na nyekundu ya saba. Wewe mpe rafiki yako karatasi mbili tu, moja ya "dakika mbili" na nyingine ya "kaa". Chagua rafiki asiyekuogopa.

Fupi sio kila mahali

Nisionekane nahubiri dakika mbili kwa kila mtu. Tarehe 20 Aprili 1964 Nelson Mandela aliongea karibu saa tatu kutoka kizimbani kwenye kesi ya Rivonia huko Afrika Kusini, na huwezi kumwambia angefupisha, alikuwa anakabiliwa na hukumu ya kifo na alikuwa anaeleza harakati nzima za kupinga ubaguzi wa rangi mbele ya dunia. Mhadhara wa darasani una urefu wake. Mtu aliyefiwa akitaka kumuongelea marehemu wake muache aongee. Kipimo changu ni rahisi, kama urefu unamsaidia msikilizaji sawa, kama unakusaidia wewe kujisikia umesikika, kata.

Na tuache pia kutishana na stori za uongo. Utasikia kwamba rais wa Marekani William Henry Harrison aliuawa na hotuba ndefu. Ni kweli tarehe 4 Machi 1841 alisoma maneno 8,445 nje kwenye baridi bila koti, karibu saa mbili, na alifariki mwezi mmoja baadaye. Lakini aliugua wiki tatu baada ya hotuba, na madaktari waliopitia upya kumbukumbu za ugonjwa wake wanaona huenda ni maji machafu. Hotuba ilikuwa ndefu mno, hilo halina ubishi, ila haikuua mtu.

Ratiba ikivurugika

Hii itakukuta, jiandae nayo. Umeandaa dakika kumi na tano, waliokutangulia wamekula muda wote, mshereheshaji anakuja kukunong'oneza "una dakika tano tu". Usianze kulalamika kwenye maiki kwamba umepunguziwa muda, ukilalamika umeshatumia moja kati ya hizo tano na wasikilizaji hawana kosa. Usijaribu pia kuruka ruka slaidi ukisema "hii tuiache, hii nayo tuiache", unawaonyesha tu chakula wasichokula.

Dawa yake unaitengeneza nyumbani: kwenye karatasi yako zungushia kwa kalamu nyekundu vitu vitatu, mfano wako mmoja mkali, ile sentensi kuu, na ombi au hitimisho. Hiyo ndo hotuba yako ya dakika mbili imejificha ndani ya ile ndefu. Ukiambiwa upunguze unasoma vilivyozungushiwa tu, na hakuna atakayejua kulikuwa na kingine. Na kuwa mkweli, ukishaifanya hiyo zoezi jiulize kama ile ya dakika kumi na tano ilikuwa na kazi gani, mara nyingi utaamua kusema ile ya kalamu nyekundu hata kama muda upo.

Yale uliyoyakata usiyatupe, yaache kwenye ukurasa wa pili, yanakuja kukusaidia kwenye maswali. Mtu akiuliza "je gharama?", unayo. Jibu kwanza kwa ndiyo, hapana au namba, halafu sentensi mbili za sababu, halafu nyamaza. Usianze na "swali zuri sana", na usilirudie swali lote isipokuwa wa nyuma hawakulisikia. Usipojua sema sijui, nitakuletea jibu lini, na siku hiyo ulilete. Maswali yakiisha usichukue tena maiki "kuongezea kidogo".